Mafundi wasiweke chipu ya 3842 mahali pa 3844 bila fidia ya mwinuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze mafundi wenzangu wa vifaa vya elektroniki, hasa wa hapa Dodoma na wilaya zake, jambo linaloharibu kazi nzuri za mikono yao huku multimita ikiwaonyesha kuwa kila kitu ni sawa. Nazungumzia pawa saplai za swichi, yaani zile zilizomo ndani ya televisheni, ving'amuzi, chaja za kompyuta, taa za LED na vifaa vya sola, ambazo hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde ili kupata volteji inayotakiwa. Nyingi kati ya hizo huongozwa kwa kupima mkondo, na pawa saplai ya namna hiyo, swichi yake ikibaki imewashwa kwa zaidi ya nusu ya kila mzunguko, haitulii mpaka iongezewe fidia ya mwinuko, yaani volteji inayopanda kidogo kidogo katika kila mzunguko na kuchanganywa na alama ya mkondo. Fidia hiyo mara nyingi ni rezista moja na transista moja ndogo, na ndivyo vifaa ambavyo huachwa au kung'olewa wakati wa matengenezo kwa kudhaniwa kuwa havina kazi.

Tatizo lenyewe huanzia kwenye spea. Chipu za familia ya 3842, zinazoamua swichi iwake na kuzima lini, ambazo zilitoka kwanza katika kampuni ya Unitrode ya Marekani miaka ya 1980 na sasa zinatengenezwa na kampuni nyingi duniani, ziko nne: 3842, 3843, 3844 na 3845. Zile za pini 8 zimepangwa pini zake kwa namna moja. Tena 3842 na 3844 zote mbili huanza kazi volteji ya kuziendesha inapofika volti 16, na huzima inaposhuka hadi volti 10, wakati 3843 na 3845 huanza kwenye volti 8.4 na kuzima kwenye 7.6. Kwa hiyo fundi aliyeikosa 3844 dukani huambiwa achukue 3842 kwa sababu ni ileile. Akirudi na kuipachika, kifaa kinawaka, volti za pato zinasoma sawasawa, mteja analipa na kuondoka. Simlaumu fundi huyo, maana kwa vipimo alivyo navyo hana namna ya kuiona tofauti.

Tofauti ipo ndani. Katika 3844 na 3845 kuna saketi inayoruka mzunguko mmoja kati ya kila miwili ya saa ya ndani, yaani mapigo yanayoanzisha kila mzunguko, hivyo masafa ya pato (idadi ya mizunguko kwa sekunde) ni nusu ya masafa ya saa, na swichi haiwezi kubaki imewashwa zaidi ya nusu ya muda hata mzigo ukiwa mkubwa kiasi gani. Katika 3842 na 3843 saketi hiyo haimo, na swichi inaweza kuwashwa karibu asilimia 100 ya mzunguko. Bodi iliyoundwa kwa ajili ya 3844 ifanye kazi kwa kilohezi 65 ina saa ya kilohezi 130. Ukiiwekea 3842 bila kubadilisha rezista na kapasita ya pini namba 4 zinazopanga kasi ya saa, mosfeti, yaani transista ambayo ndiyo swichi yenyewe, sasa inawashwa na kuzimwa mara mbili zaidi na joto linalotokana na kule kuwashwa na kuzimwa linaongezeka maradufu. Hilo peke yake ni hasara, lakini lingine ni baya zaidi: aliyeiunda bodi hiyo, akijua kwamba chipu yake haiwezi kuvuka nusu, huenda hakuweka fidia ya mwinuko kabisa.

Sababu ya nusu hiyo kuwa mpaka inaeleweka bila hesabu ngumu. Saa ya chipu huwasha swichi kwa wakati wake, mkondo katika koili huanza kupanda, na kilinganishi, sehemu ya chipu inayolinganisha volteji mbili, huizima swichi mara tu mkondo unapofikia kiwango kilichoamriwa kutoka upande wa pato. Kisha mkondo huteremka mpaka saa iwashe tena. Chipu, basi, inasimamia kilele cha mkondo tu, wala haisimamii mahali mkondo utakapoanzia katika mzunguko unaofuata. Mkondo ukianzia juu kidogo kuliko kawaida, utafika kileleni mapema, swichi itazimwa mapema, muda wa kuteremka utakuwa mrefu, na mzunguko unaofuata utaanzia chini ya kawaida. Hitilafu imegeuka upande, na ukubwa wake mpya ni ule wa kwanza ukizidishwa kwa kasi ya kuteremka na kugawanywa kwa kasi ya kupanda. Uwiano wa kasi hizo mbili, pawa saplai ikiwa katika hali yake ya kawaida, ni sawa na uwiano wa muda wa kuwaka kwa muda wa kuzima. Swichi ikiwaka asilimia 40 ya mzunguko, hitilafu hubaki theluthi mbili tu katika mzunguko unaofuata, kisha theluthi mbili ya hiyo, mpaka ipotee. Ikiwaka asilimia 60, hitilafu huzidishwa kwa moja na nusu katika kila mzunguko, na haiishi kukua mpaka mizunguko yenyewe iharibike: mmoja mpana, unaofuata mwembamba, mmoja mpana, mwingine mwembamba. Mtafiti Raymond Ridley, katika utafiti wake wa mwaka 1990, alionyesha kwa hesabu kamili kwamba tabia hii ni mwitiko unaokaa kwenye nusu ya masafa ya swichi, na kwamba fidia ndiyo inayoutuliza. Hali hii hutokea pale masafa yanapokuwa hayabadiliki na mkondo wa koili haufiki sifuri kabla ya mzunguko kwisha, hali ambayo ni ya kawaida katika vifaa vyenye mzigo mkubwa.

Sasa tuje kwetu. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, ambazo zikigeuzwa kuwa umeme wa mkondo mnyoofu hutoa kilele cha takriban volti 325. Lakini anayeishi mwisho wa laini ndefu, awe Chamwino, Bahi au Mpwapwa, anajua jioni watu wote wanapowasha taa na pasi kwamba umeme huwa mdogo. Chukua pawa saplai ya transfoma ambayo volteji ya pato lake, ikipimwa kama inavyorudi upande wa msingi wa transfoma (ule unaopokea umeme wa ukutani), ni volti 160. Kwa volti 230 za ukutani, swichi inahitaji kuwaka kama asilimia 33 tu ya mzunguko, na hapo hata 3842 isiyo na fidia itakuwa tulivu kabisa. Umeme ukishuka hadi volti 120, kilele baada ya kugeuzwa ni volti 170, na kati ya kilele kimoja na kingine kapasita kubwa inaweza kushuka hadi 130. Hapo swichi inahitaji kuwaka kama asilimia 55. Chipu ya 3844 ingegoma: pato lingeshuka, televisheni ingezima, na mwenye nyumba angesubiri umeme urudi vizuri. Chipu ya 3842 haigomi. Inaendelea, na kila hitilafu ndogo ya mkondo inazidishwa kwa 1.23 kila mzunguko, maana yake ndani ya mizunguko 10, muda usiofika sehemu moja ya kumi ya milisekunde, imekuwa karibu mara 8. Mteja anafurahi kwamba tangu televisheni itengenezwe haizimi tena umeme ukiwa mdogo, na fundi naye anaamini kwamba 3842 ni bora. Wote wawili hawaoni kwamba mikondo isiyo na mpangilio inapita katika mosfeti na katika kapasita za pato, na kwamba kifaa hicho kinajaribiwa mchana karakanani, umeme ukiwa mzuri, halafu kinateseka usiku.

Upande wa sola jambo hili ni kubwa zaidi, na kwa mikoa ya kati yenye jua jingi kama Dodoma na Singida ninaliona kuwa la haraka, kwa sababu vijana wetu wameanza kujiundia wenyewe saketi za kupandisha volteji kutoka kwenye betri. Hapa 3843 ndiyo inayotumika, kwa kuwa 3842 inayosubiri volti 16 haiwezi kuanza kwa betri ya volti 12. Mfano ni mstari wa taa za LED unaohitaji volti 36 kutoka kwenye betri ya volti 12. Saketi ya kupandisha volteji mara tatu lazima iwashe swichi theluthi mbili ya muda. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo, na betri ikiwa imechoka muda huo huzidi. Koili ikiwa ya mikrohenri 100, mkondo unapanda kwa ampea 0.12 kila mikrosekunde na kuteremka kwa ampea 0.24, kwa hiyo bila fidia kila hitilafu inakuwa maradufu katika kila mzunguko. Saketi hiyo haijapata kuwa tulivu hata siku moja tangu iunganishwe, iwe betri imejaa au haijajaa.

Dawa yake ni kuichanganya alama ya mkondo na mwinuko wa volteji unaopanda sawasawa tangu mwanzo wa kila mzunguko, ili kiwango cha kuzimia kishuke kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda. Kanuni ambayo haijawahi kuniangusha ni kwamba mwinuko wa fidia usipungue nusu ya kasi ya kuteremka kwa mkondo. Ukifuata kanuni hiyo, saketi hutulia kwa muda wowote wa kuwaka, hata ukikaribia asilimia 100. Katika mfano wetu nusu hiyo ni ampea 0.12 kwa mikrosekunde. Hitilafu mpya sasa ni tofauti ya 0.24 na 0.12 ikigawanywa kwa jumla ya 0.12 na 0.12, yaani nusu ya hitilafu ya kwanza, na mizunguko michache tu inatosha kuimaliza. Ukiongeza mwinuko mpaka ulingane na kasi yote ya kuteremka, hitilafu hufutika katika mzunguko mmoja.

Kwa vitendo, pini namba 4 ya chipu hizi tayari ina mwinuko wa aina hiyo, kwa sababu ndipo kapasita ya saa inapojazwa na kumwagwa, na volteji yake hupanda kwa takriban volti 1.7 katika kila mzunguko. Wengine huunganisha rezista moja kwa moja kutoka hapo kwenda pini namba 3 inayopima mkondo. Inafanya kazi kwa kiasi, lakini rezista hiyo inavuta chaji ya kapasita ya saa na kubadilisha masafa, nami sishauri njia hiyo. Njia safi ni kuweka transista ndogo ya NPN kama 2N2222: kolekta kwenye pini namba 8 yenye volti 5, besi kwenye pini namba 4, na emita ipite katika rezista hadi pini namba 3, ambayo nayo iunganishwe na rezista ya kupimia mkondo kupitia rezista nyingine ya kiloomu 1. Kwa kilohezi 100, mwinuko wa pini namba 4 ni kama milivolti 170 kwa mikrosekunde. Rezista ya kupimia ikiwa omu 0.2, ile fidia ya ampea 0.12 tunayoitaka ni sawa na milivolti 24 kwa mikrosekunde, na rezista ya kiloomu 6.8 kwenye emita inaikaribia sana. Transista ya aina hii ukiikuta kwenye bodi imekaa karibu na chipu, bila kuonekana inaendesha chochote, usiitoe.

Fidia pia ina gharama yake, na anayeiweka bila kupima ataipata. Pini namba 3 huzima swichi ikifika volti 1, na huo ndio ulinzi dhidi ya mkondo mkubwa. Kwa omu 0.2 mpaka huo ni ampea 5. Katika mfano wetu swichi inawaka kwa mikrosekunde 6.7 hivi, na kwa muda huo fidia imekwisha kula milivolti 160 za ile volti 1, kwa hiyo mpaka halisi umeshuka hadi ampea 4.2, na hupungua tena betri inapochoka na muda wa kuwaka kurefuka, wakati ambao ndio mkondo zaidi unahitajika. Fundi asiyejua hili ataona taa zinafifia na kuilaumu koili. Anachotakiwa ni kupunguza rezista ya kupimia baada ya kuweka fidia, si kuiondoa fidia. Na akizidisha mwinuko mno, faida ya kuongoza kwa mkondo inapotea, saketi inaanza kutenda kama ile ya kizamani inayoongozwa kwa volteji, na vipimo vya kuituliza upande wa pato havifai tena.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba pawa saplai yenye kasoro hii hupiga mluzi. Wakati mwingine ndiyo, lakini sikio ni kipimo kibaya hapa. Nusu ya kilohezi 100 ni kilohezi 50, na binadamu hasikii sauti hiyo. Kinachosikika ni pale hitilafu inapokuwa kubwa mpaka mizunguko inakosa mpangilio wowote na kuzaa masafa ya chini. Kifaa kinaweza kuwa kimya na bado kiwe na kasoro. Vilevile chaja nyingi za kisasa hutoa mlio mwembamba zisipokuwa na mzigo kwa sababu zimeundwa kuruka mizunguko ili kuokoa umeme, na hiyo si kasoro.

Kipimo cha kuaminika ni oskiloskopu, kifaa kinachochora umbo la volteji kwenye kioo, kikiwekwa kwenye geti ya mosfeti, yaani mguu unaoiwasha, au kwenye rezista ya kupimia mkondo. Ukiona mapigo mapana na membamba yakipokezana, badilisha volteji ya kuingia polepole. Yakitulia mara muda wa kuwaka unaposhuka chini ya nusu na kurudi unapovuka nusu, umeipata sababu, na fidia ndiyo dawa. Yakiendelea hata kwenye asilimia 30, tafuta kwingine: pengine ni mruko mfupi wa mkondo wakati swichi inapowashwa, unaomdanganya kilinganishi azime mapema, na huo hutibiwa kwa kapasita ndogo ya pikofaradi mia chache kwenye pini namba 3 na kwa kufupisha nyaya za ardhi. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakaweka kapasita kubwa kupita kiasi mpaka chipu ikawa haioni mkondo kwa wakati, na mosfeti ikaungua. Upande wa msingi wa vifaa vya umeme wa ukutani una volti 325 zinazoua, na ardhi ya oskiloskopu haiunganishwi hapo bila transfoma ya kutenganisha. Kwa mafunzo, anzeni na saketi ya betri ya volti 12.

Niongeze neno kwa wale wanaosokota koili upya. Chipu nyingi ndogo za siku hizi zina fidia ndani yake, na aliyeziunda aliipima kwa kudhani koili ya kiwango fulani. Koili ikipunguzwa mizunguko ya waya kwa asilimia 30, kiwango chake cha henri hushuka karibu nusu, kasi ya kupanda na kuteremka kwa mkondo inakuwa maradufu, na fidia iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Hesabuni mizunguko ya koili ya zamani kabla ya kuitupa.

Kwa walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi stadi, na kwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma ambao wanafunzi wao huja karakanani kwetu kwa mafunzo ya vitendo, ninaomba somo hili lisiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi apewe 3843, koili, betri na oskiloskopu moja kwa kundi, apandishe muda wa kuwaka mwenyewe kutoka asilimia 45 hadi 55 na ayaone mapigo yanavyogawanyika mbele ya macho yake, kisha aweke rezista na transista na ayaone yakirudi kuwa sawa. Vifaa hivyo, ukiacha oskiloskopu, si ghali, na kazi yote inaisha ndani ya kipindi kimoja.

Na kwa wenye maduka ya spea: 3844 ikiisha, mwambieni mteja kwamba imeisha, au mpeni 3842 mkimweleza kwamba inahitaji saa nyingine na fidia ya mwinuko.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa elektroniki,
Dodoma.